Mama Mkwe Aliyenituma Mbio

Mpendwa mama mkwe,

Mwaka umetimia tangu tukuzike, na ndiyo kwanza napata nguvu ya kukuandikia. Ulipokuwa hai hukupenda kushukuriwa. Ulikuwa ukinikatiza maneno, ukiniuliza kama kuku wamefungiwa.

Mwaka ule wa uhuru, hapa Kirewa kijiji kizima kikiimba, mimi nilikuwa nimemzika mwanangu wa kwanza. Hakufikisha hata miezi mitatu. Nilianza kunywa waragi, ile pombe kali, ili nipate usingizi, halafu nikawa nakunywa ili niweze kuamka. Shamba likaota magugu. Mwanao Okoth alivumilia, kisha siku moja akazifunga nguo zangu kwenye shuka anirudishe kwa wazazi wangu. Ukasimama mlangoni.

"Huyu haendi mahali," ukamwambia. "Kama ni kurudishwa, turudishe wote wawili."

Asubuhi iliyofuata ukaniamsha, ukaninawisha uso, ukasema chumvi imekwisha, niende lile duka la njia ya Nagongera na nirudi kabla uji haujapoa. Nilikwenda kwa hasira. Kesho yake ukataka kiberiti. Keshokutwa, chumvi tena. Kila nikirudi uji ulikuwa umeganda, nami sipendi uji baridi. Basi nikaanza kukimbia vipande vipande: natoka darajani mpaka kanisani, kisha natembea. Jasho langu lilinuka waragi. Siku ya kwanza nilitapika kando ya barabara, nikalia, nikainuka.

Watu walisema sana. Mke wa mtu, anakimbia barabarani kama mwizi! Jirani akaja kukuonya: "Mama Okoth, huyo bibi ya mtoto wako amerogwa. Anakimbia bila kufukuzwa."

Ulikuwa unapepeta mtama, wala hukuinua kichwa. "Nimemtuma mimi. Na wewe ukitaka, nakutuma."

Miezi ikapita. Usingizi ukaanza kuja wenyewe. Nikaweza kulima mpaka saa nne bila mikono kutetemeka. Kisha ikaja harusi ya dada yangu kule Masinya. Nilionja kikombe kimoja tu, na kulipokucha sikujua viatu vyangu viko wapi. Nilirudi nimejifunika leso usoni, nikingoja matusi yako. Ukaniambia tu:

"Chumvi imekwisha, mwanangu."

Nilikwenda mbio, kichwa kikinigonga, machozi yakinitoka. Tangu siku ile sijaonja tena.

Ulipofariki tulifungua sanduku lako, tukakuta chumvi na viberiti vimepangwa mpaka juu, havijafunguliwa. Okoth alikaa chini akalia mbele za watu. Mimi nilijua zamani, mama. Mwenye duka alishaniuliza kama kwetu tunafuga ng'ombe wa kulamba chumvi. Sikukuuliza kwa sababu niliogopa utaacha kunituma.

Na baada ya mazishi niliogopa kweli. Hapakuwa na wa kuniamsha. Siku tatu nililala mpaka jua likawa kali, na koo likakumbuka ladha yake ya zamani. Siku ya nne nikaamka mwenyewe, nikavaa, nikatoka. Nililipita lile duka, nikaenda mpaka Nagongera sokoni, mahali ambapo sikuwahi kufika kwa mbio. Wanawake waliokuwa wanapanga mihogo wakaniuliza nimekuja kununua nini. Nikawaambia sinunui kitu, nimekuja kukimbia. Mmoja akanipa maji.

Sasa tuna binti. Tumempa jina lako, Nyafwono. Ana miezi minne, mama. Amempita kaka yake. Siku alipoimaliza ile mitatu, mimi na Okoth tulikaa tu tukimwangalia akilala.

Asubuhi nikitoka, Okoth hukaa mlangoni amempakata. Wanaume wakipita kwenda shambani humcheka, eti amegeuka yaya. Juzi nilikuwa narudi, nimeshafika nyuma ya migomba, nikamsikia anawajibu taratibu: "Mama yake amekwenda kukimbia. Anarudi sasa hivi."

Yule yule aliyefunga nguo zangu kwenye shuka. Nilisimama pale nyuma ya migomba mpaka pumzi ikatulia, ndipo nikaingia uani.

Pumzika, mama. Sisi huku tumeamka.

Mkaza mwanao,
Athieno