Iestyn na Simu ya Posho

Bethan, acha unachofanya usome hii. Sijui nicheke au nijifiche.

Unajua posho ya watoto, ile pesa ya serikali: mtoto akifika miaka kumi na sita, usiposema anaendelea na shule, Agosti ikiisha wanaikata. Barua yao kwa mama imebandikwa kwenye friji tangu Juni! Basi leo nikapiga simu ofisini kwao, nikaweka spika.

Dada wa ofisini akauliza, "Iestyn anarudi shule Septemba?"

Mama: "Anarudi, tena sana!"

Iestyn mwenyewe, huyu mdogo wangu, mdomo umejaa mkate: "Sirudi. Nimepata kazi kwa fundi wa mapaa."

SIRUDI, Bethan! Na dada wa ofisini anasikia yote!

Mama: "Mapaa? Wewe unayeogopa ngazi?"

Akajibu polepole, "Nataka uache zamu za usiku, mama."

Mimi machozi yakanitoka palepale. Mama akasema, "Zamu zangu niachie mwenyewe. Wewe soma."

Dada wa simu akakohoa. "Samahanini, niandike nini?"

Iestyn akamtazama mama, akainama kwenye simu. "Andika narudi. Ila Jumamosi nitapanda paa."

Mama: "Hiyo ya paa usiiandike, dada."