Eti deki yangu imeua TV za gesti

Esnath, umesikia? Mama Feliciana jirani anatangaza Lyamkena nzima eti nimepiga deki nikakata waya, TV zote za gesti zikafa! Eti aliniona kwa macho yake, dirishani.

Na bosi kaamini! Kaniambia nikusanye vitu vyangu 😭

Lakini shoga, mimi nilikuwa natazama saa. Fundi Ebeneza alikuja juzi kutoka Njombe, akaipanga swichi, kile kiboksi kinachogawa intaneti na picha za TV vyumbani, ili picha iende kwenye chumba kinachotazama tu, maana ilikuwa inamwagwa vyumba vyote na intaneti inakwama. Tangu siku hiyo kila TV inakatika baada ya dakika nne. Ukibadili chaneli inarudi. Dakika nne tena, kwisha. Deki gani hiyo yenye saa??

Leo karudi, nikamwambia. Akacheka: "We dada, baki na ndoo yako."

"Kaa hapo kaka, rimoti usiguse."

Tukakaa kutazama mpira, na bosi naye. Dakika nne, PAP! Kioo cheusi.

Fundi alitoka jasho na baridi hii ya Makambako 😂 Akakiri kasahau kuiamuru swichi iwe inaviuliza vyumba kama bado vinatazama. Isipouliza, vyumba havijibu, nayo inadhani hakuna mtu, inakata. Kabonyezabonyeza laptopu, mpira ukaendelea bila kukatika.

Nikamgeukia bosi: "Basi naomba ukamwambie Mama Feliciana kwamba si mimi."

Kaukodolea macho mpira.

"Bosi, nimesema naomba."

Akaongeza sauti ya TV.