Jaketi la Shabani

Mdogo wangu Shabani, magongo mapya yamekuzoea?

Guangzhou kuna unyevu hadi kuta zinatoka jasho. Jana nilibishana bei ya majaketi kwenye duka la jumla, nikasusa, nikatoka. Kwa kawaida laoban, yaani mwenye duka, hukuita urudi. Nikatembea polepole weee, kimya! Nikarudi nimefura, kumbe laoban mwenzangu kakodolea macho televisheni: mashindano ya walemavu kwenye theluji.

Kijana wa mguu mmoja kama wewe anateremka mlima, magongo yake yana vibao vya kutelezea. Akaanguka, puu! Nikapiga ukelele, "Shabani!" Akainuka mwenyewe, akamaliza. Tukakumbatiana na laoban, bei tumeisahau.

"Shabani ndiye huyo?" akaniuliza.

"Hapana, mdogo wangu, yuko Lushoto kwenye milima."

"Na yeye anateremka?"

Ningesemaje, na wewe tangu ukatwe mguu hujavuka kizingiti? Nikasema unateremka sokoni kila asubuhi. Akafurahi, akakupa jaketi la bure.

Nikirudi, sikuletei nyumbani. Nitakusubiri nalo stendi.

Nakupenda, usiniumbue.
Dada Mwanaidi