Msumari Hauna Heshima

Mdogo wangu mpendwa,

Pokea salamu nyingi kuliko spoki za gurudumu la mbele na la nyuma kwa pamoja. Goti lako linaendeleaje? Shemeji yangu hajambo, na wajukuu? Mimi ni mzima, na mkono wangu bado unafungua nati zinazowashinda vijana. Mwandiko wangu unaujua, usicheke. Soma polepole, utafika.

Nakuandikia nikiwa nimechafukwa roho. Muuguzi, mteja wangu wa siku zote, alinirudishia gurudumu nililolinyoosha mwenyewe, akasema mbele za watu kwamba fundi mpya wa ng'ambo ya barabara amelipima kwenye stendi yake ya dukani, kile chombo cha kupimia kama ringi imenyooka, na limecheza. Limecheza! Gurudumu langu! Nikamuuliza muuguzi, huyo fundi kazaliwa lini. Akanijibu hajui, ila stendi haiulizi umri. Watu wakaangua kicheko. Mimi, niliyenyoosha ringi miaka arobaini kwa jicho moja na kidole gumba, nichekwe na mtu mwenye pancha!

Nikaapa kutengeneza stendi yangu, niiumbue ile ya dukani. Nikachukua foki kuukuu ya baiskeli, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, nikaisimamisha miguu juu, nikaifunga kwa boliti kwenye kipande cha mlango wa stoo. (Dada yetu bado anautafuta huo mlango, wewe nyamaza.) Kila mguu nikaufunga msumari kwa waya, ncha zikaitazama ringi, nafasi ya unene wa kucha tu. Ukizungusha gurudumu, palipopinda panakwaruza, krr. Hata kiwandani wangeniamkia.

Nikaweka gurudumu la muuguzi. Krr, upande wa kulia. Nikasema foki ndiyo imepinda. Dada, aliyekuwa anaanika nguo, akasema niligeuze gurudumu, kulia kuwe kushoto: mkwaruzo ukibaki kulia, kosa ni la stendi, ukihama, kosa ni la gurudumu. Mtu hajashika spana maisha yake, ananifundisha! Nikaligeuza ili anyamaze.

Ukahama.

Sikula mchana ule. Nikakiweka kidole gumba pale nilipokiweka miaka yote, nikazungusha, nikakitazama vizuri. Kumbe ringi ikikisukuma, chenyewe kinasogea, kinaipisha! Kidole changu mwenyewe, ndugu yangu, kinanidanganya tangu ujana. Msumari hauna heshima kwa mtu, haumpishi yeyote.

Sasa soma hapa vizuri, maana ndiyo sababu ya barua.

Unalikumbuka gurudumu la mbele la baiskeli yako ya mikate, lile ulilokuwa nalo siku ulipoanguka kwenye mteremko? Nimelitundika ukutani miaka kumi na tisa. Kila aliyeingia nilimwonyesha, nikamwambia tazama, ringi yangu mimi Injinia, imeanguka na bado imenyooka. Aliyepinda ni mwendeshaji. Ulipolalamika wiki nzima kabla ya ajali kwamba linashika breki, nilikwambia unaogopa mteremko. Kazi ukaipoteza, goti likabaki hivyo, na baiskeli hukupanda tena.

Juzi nililiweka kwenye stendi. Krr. Nikasema labda ni ajali iliyolipinda. Nikainamia. Pale pale panapokwaruza, ringi ina weusi wa mpira wa breki, upana wa kiganja, umeganda kama lami. Mahali pengine popote safi. Weusi ule haukuingia kwa siku moja ya kuanguka. Ni wiki nzima ya kusuguana, kama ulivyosema.

Ulikuwa unajua kuendesha. Mimi ndiye sikujua kunyoosha.

Gurudumu sijaligusa, wala ule weusi sijaufuta. Njoo ulizungushe mwenyewe. Wale wote niliowaonyesha nitawaita, nitawaambia ukweli mimi mwenyewe, si dada. Goti likikataa safari, nitakuletea stendi hadi kwako, na mlango wake mgongoni.

Ila stendi ya yule fundi haiifikii yangu. Kwa hilo sirudi nyuma.

Nisalimie nyumba nzima, na wajukuu uwaambie babu yao hakuanguka kwa uoga.

Ni mimi kaka yako,
uliyezoea kuniita Injinia. Ukija utaamua mwenyewe uniiteje.