Koti Langu la Baridi Limemkaa Rafiki Yangu Kuliko Mimi

Mpendwa Bi Sharifa,

Naomba msaada wako hapo gazetini, na naomba unisome hadi mwisho kabla hujanicheka, kwa sababu jambo lenyewe ni la nguo, na mimi ni mwanamke mzima wa miaka arobaini na tisa, mama wa watu, msimamizi wa wahudumu wa vyumba katika hoteli moja hapa Doha, na sikuwahi kufikiria kwamba siku moja koti litanikosesha usingizi.

Naitwa Gakii, kwetu ni Meru, na nakaa Al Wakrah kwenye nyumba ya wafanyakazi, chumba kimoja na Proscovia, mama wa Busia upande wa Uganda, ambaye yuko londri, kwenye ufuaji wa nguo, ya hoteli hiyo hiyo. Nilipofanyiwa upasuaji wa tumbo ni yeye aliyenipikia uji na kunishika mkono kwenda bafuni, na mamangu alipofariki nikanyimwa ruhusa ya kwenda kumzika, ni Proscovia aliyeketi nami sakafuni mpaka nikamaliza kulia, kwa hivyo elewa kwamba simzungumzii mpita njia.

Wewe unaijua Doha, Bi Sharifa. Nusu ya mwaka hakuna anayetembea nje, unatoka kwenye basi la kampuni unaingia hotelini, na ukiwa ndani uko kwenye sare, ile ya rangi ya zabibu yenye jina langu kifuani, na hata hilo jina wageni hulisoma vibaya. Halafu Desemba inakaribia, upepo unapoa, watu wanajaa Kornishi kando ya bahari, na hapo ndipo mtu anakumbuka kwamba ana mwili na anaweza kuuvisha kitu alichokichagua mwenyewe. Sasa mwezi wa kumi, joto bado kali, nikaona kwenye dirisha la duka koti refu la sufu, rangi ya haradali, lenye mkanda wa kiunoni, nikaingia nikalijaribu, na mwanamke niliyemwona kwenye kile kioo nilimuuliza kwa sauti, "Wewe ulikuwa wapi siku zote?" Msichana wa duka akadhani nazungumza na yeye, akanijibu alikuwa likizo. Nikalinunua.

Proscovia alipoliona hakucheka, na angecheka ingekuwa afadhali. Alilitazama vile daktari anatazama eksirei, kisha akasema, "Nyabo," ndivyo kwao wanavyomwita mama wa heshima, "hili ni la wasichana." Kutoka hiyo siku akawa ananionyesha video kwenye simu, za mama mmoja anayefundisha wanawake wa makamo jinsi ya kuvaa msimu wa baridi, ati rangi ziwe tulivu, kijivu, kahawia, bluu ya giza, ati mkanda wa kiunoni unamtangaza mtu tumbo, ati shingo ifunikwe na skafu kwa sababu uso unaweza kudanganya umri lakini shingo haiwezi. Mimi nikamwambia huyo mama yuko kwenye theluji, sisi tuko jangwani. Akasema umri ni umri hata jangwani.

Nikawa naona aibu kulivaa akiwepo. Na baridi yenyewe ikakataa kuja. Nitakwambia ukweli wote kwa sababu hunijui: nilikuwa nalivaa kwenda supamaketi, kule upande wa maziwa na jibini, kwa sababu huko ndiko kulikuwa na baridi. Nilikuwa nasimama nikisoma mtindi ambao sina haja nao. Jioni moja nililivaa kwenye metro nikatoka jasho mpaka mama mmoja wa Kifilipino akanipisha nikae, akidhani naumwa.

Sasa Ijumaa moja baridi ikafika, baridi ya kweli ya upepo, na mimi nilikuwa kazini hadi jioni, Proscovia alikuwa na ofu, siku yake ya mapumziko. Wakati wa chai nikafungua simu, nikakutana na picha yake iliyowekwa mtandaoni muda mfupi tu uliopita. Amesimama sokoni Souq Waqif, njiwa wako nyuma yake, skafu nyeupe begani, lipstiki, na ameegemea ukuta kama mtu aliyezaliwa na pesa. Na koti ni langu.

Bi Sharifa, niliwaka. Lakini usikimbie kunihukumu, kwa sababu sikuchomwa na kuchukuliwa koti, hilo ningelimaliza kwa kelele za dakika chache. Kilichonichoma ni kwamba lilimkaa. Mabega yalikaa pale yanapotakiwa, ule mkanda uliosemekana unatangaza tumbo ukampa kiuno ambacho mimi niliyeishi naye sijawahi kukiona. Lilimkaa kuliko linavyonikaa mimi. Nikaandika chini ya picha, pale pale, kila mtu aone: "Koti langu limependeza kweli. Likimaliza matembezi lirudi nyumbani." Nikaongeza vile vikatuni vya kucheka. Watu wakacheka sana, wenzetu wa hotelini wakaongeza yao, mwingine akauliza kama na viatu ni vya kuazima.

Nilichokuwa sijui, na nimekuja kuambiwa baadaye na wenzake wa londri, ni kwamba picha haikuwa ya kujionyesha. Binti yake Chelsea, anayefanya kazi Kisumu, amechumbiwa na kijana wa Webuye, na watu wa kwa kijana walikuwa wameomba kumwona mama wa msichana, ambaye hawajawahi kukutana naye. Proscovia akatafuta kwenye simu yake yote akakuta ana picha za sare tu. Ndipo akalichukua koti. Na mama mkwe mtarajiwa, anaitwa Mama Nasimiyu, alikuwa ameisifu ile picha na kuandika "Karibu sana nyumbani, mkwe wetu." Maneno yangu yakaingia chini ya hayo maneno yake, ambayo kwa hasira sikuyasoma. Tangu hapo Mama Nasimiyu amenyamaza, hajaandika, hajapiga, na Chelsea alipiga mara moja tu akilia, "Mama, umeniaibisha kwa watu," sasa hapokei simu ya mamake.

Niliporudi chumbani nilikuta koti kitandani kwangu, limepigwa pasi vizuri kuliko lilivyotoka dukani. Proscovia alikuwa anatazama ukuta.

"Gakii, ungeniambia hapa chumbani," akasema.

"Na wewe si ungeniomba hapa hapa chumbani?"

"Ningekuombaje, na nilishakwambia ni la wasichana?"

Hatujaongea tena. Ameomba kuhamia nyumba ya wafanyakazi iliyoko Al Wukair, wamemkubalia, na wiki hii anaondoka. Nguo zake ameshazitoa kabatini na upande wake umebaki na hanga tupu zinazogongana mtu akifungua mlango.

Naomba uniambie: je, mwanamke wa umri wangu anaweza kuvaa rangi ya haradali au Proscovia alikuwa na haki? Je, ni sawa kumdai aniombe radhi kwanza, maana yeye ndiye aliyechukua? Je, nilitoe tu hilo koti? Na kama nikilibakisha, manukato yake yanatokaje kwenye sufu?

Mimi, Gakii,
Al Wakrah.

BI SHARIFA ANAJIBU

Gakii,

Nimekusoma mpaka mwisho kama ulivyotaka, na kucheka nimecheka, utanisamehe. Ulipofika kwenye mtindi nilishindwa kujizuia.

Niyamalize haya ya nguo kwanza, kwa kuwa naona ndiyo uliyoyapa nafasi kubwa. Haradali vaa. Vaa na nyekundu ukipenda. Umri wa makamo si maradhi hata rangi ziwe na miiko. Ila sufu nzito kwa Doha ina siku chache tu, basi ndani weka blauzi nyepesi ya pamba ili ukipata joto ulivue bila fedheha, na uvae viatu vya chini kwa sababu marumaru ya stesheni za metro hayana huruma na kiuno cha mtu yeyote, mzee wala kijana. Skafu ni ya upepo. Shingo yako iache, imekubeba kichwa miaka yote hiyo bila kulalamika. Na uache kwenda kubarizi kwenye majokofu ya watu.

Manukato yatatoka ukilianika koti upepeni kutwa moja. Lakini hebu jisikie mwenyewe, bibi wee. Rafiki aliyekushika mkono kukupeleka bafuni anafunga mizigo, na wewe unaniuliza harufu yake inatokaje!

Proscovia amekosa, silifichi hilo. Kitu cha mtu huombwa, na mtu aliyekuwa mhubiri wa rangi ya kijivu alipaswa kuwa na haya kidogo kabla ya kwenda kupiga picha na njiwa. Kosa lake lilikuwa la chumbani, nawe ungelikemea chumbani mkalala, mkiamka yameisha. Wewe ulimvua koti mbele ya wakwe. Mama wa watu ametafuta picha moja ya kumwonesha kama mwanamke mwenye hadhi yake, asiyevaa jina kifuani, na hamu hiyo ndiyo ile ile iliyokuingiza wewe dukani mwezi wa kumi. Wewe katika watu wote ungeielewa.

Na hili la kukaa. Limemkaa, basi. Kubali upumzike. Mwenyezi Mungu amempa mwenzio mabega, wewe amekupa ulimi, na Ijumaa ile kila mmoja alikitumia alichopewa.

Sasa nisikilize. Futa yale maneno leo, hata kama yameshasomwa na nusu ya dunia. Kisha mwombe radhi Proscovia, na usiniletee ile radhi ya "kama nilikukosea". Ulimkosea. Usingoje aanze yeye. Anayefunga mizigo haanzi. Ukishamaliza naye, chukua nambari ya Mama Nasimiyu umpigie wewe kwa mdomo wako. Usimwandikie, maandishi yako tumeyaona. Mwambie koti ni lako, maneno yale ni yako, na aliyevaa ni mwanamke wa namna gani, kwa sababu katika Doha nzima hakuna anayeweza kulieleza hilo kuliko wewe. Akikukatia simu, umekatiwa wewe, si Chelsea.

Fanya hivyo kabla mizigo haijatoka mlangoni.

NYONGEZA

Jibu hilo nilimpelekea Gakii kwa simu, maana niliona mizigo haitangoja gazeti. Juzi ameniletea ujumbe wa sauti na ameridhia niuweke hapa. Nimepunguza vilio.

"Bi Sharifa, nimefanya. Nilimkuta anavuta zipu ya sanduku, nikasimama mlangoni nikayasema yote, hata lile la kwamba limemkaa kuliko mimi. Akaendelea kuvuta zipu mpaka nikadhani hataki. Halafu akasema, 'Siku ile ya kwanza ulipolivaa ulikuwa umependeza, Gakii. Nikaona wivu, nikauita ushauri.' Hapo tukalia sisi sote wawili, jirani akagonga ukuta.

"Tukampigia Mama Nasimiyu. Nikajieleza, mimi ni nani, koti ni langu, na nikamwambia huyu mama mnayemuoa mtoto wake ndiye aliyenilisha wakati siwezi kushika kijiko. Mwishowe akauliza, 'Kwa hivyo wewe ndiye mwenye koti?' Nikasema ndiyo, mama. Akasema, 'Sasa mbona mlikuwa mnanificha? Tangu nione ile picha natafuta njia ya kuuliza bila aibu. Nikisema nataka kuvaa kama mkwe wangu, watu watasema mzee amepagawa. Hebu niambieni, mtu wa miaka hamsini na nane anaweza kulivaa?' Proscovia akaninyang'anya simu, Bi Sharifa, akamwambia, 'Litakufaa kabisa, mama, tena la mkanda!'

"Sasa anataka la rangi hiyo hiyo, size kubwa, la kuvaa siku ya harusi. Chelsea amempigia mamake jana, wameongea mpaka chaji ikaisha. Proscovia bado atahamia Al Wukair, kitanda chake kimeshapewa mtu, lakini Ijumaa tunaenda madukani pamoja. Shida ni moja: harusi ni Februari, na Februari Webuye ni jua la kupasua mawe. Tumwambie?"

Gakii, jibu langu ni fupi. Mama amesubiri miaka hamsini na nane kuvaa anachokitaka. Mnunulieni, mumpelekee mapema, na mtafutieni pale harusini kiti cha kivulini. La jua mwachieni mwenyewe alione.