Kitanda cha Pili, Chumba 306

Majengo, Jumanne, 14 Oktoba 2025

Mwanangu Mirriam,

Kadenge, dobi wa hoteli yenu na jirani yangu, ameniambia leo saa tano kwamba uko chumba 306 tangu Jumapili. Salamu zije nyuma: hujambo? Kazi je? Mimi sijambo, ila hasira.

Najua kampuni imekuleta kwenye maghala ya Mbaraki kukagua majani chai. Lakini mwana wa kaka yangu alale kwa kulipia, na mlango wangu uko hapa hapa? Mtaa utasema Mejumaa amemfukuza. Simu sipokei. Nijibu kwa karatasi, Kadenge ataleta.

Shangazi yako,
Mejumaa

Hotelini, Jumanne jioni

Shikamoo shangazi,

Mimi mzima. Magoti yako je?

Alilosema Kadenge ni kweli. Mwezi wa pili nilipolala kwako siku tatu, ulinipa kitanda chako ukalala kwenye mkeka. Ulisema unapenda ubaridi wa sakafu. Asubuhi ya tatu ulishika ukuta ndipo ukaweza kuinuka. Nilikuwa macho, nikakuona. Sikulazi chini tena.

Chumba hiki kina vitanda viwili, na mgeni mmoja anaruhusiwa akiandikishwa. Njoo kesho, tukae hadi Ijumaa.

Mwanao,
Mirriam

Majengo, Jumatano, 15 Oktoba

Mirriam,

Nimeamka salama, alhamdulillahi. Nilale hoteli, na nyumba yangu iko mji huu huu? Wallahi siji.

Hicho kitanda cha pili, nani anakilalia?

Shangazi

Hotelini, Jumatano, saa sita

Shikamoo shangazi,

Hakuna. Nimeweka mkoba hapo.

Mwanao

Majengo, Jumamosi, 18 Oktoba

Mwanangu Mirriam,

Natumai umefika Nairobi salama na wenzako kazini hawajambo. Mimi mzima, na goti la kushoto limepoa. Usiulize kwa nini.

Nilisema siji, nikaja. Kiapo nimeanza kukifungia saumu leo, siku tatu nitazimaliza kesho kutwa. Chai yao ni maji ya moto tu. Na yule Sheryl wa mapokezi kuniandika "mgeni" katika mji niliozaliwa! Nilimwacha tu, ni mtoto mzuri.

Kadenge ananicheka eti nilitandika vitanda vyote viwili kabla ya kuondoka. Ningemwachia shuka zimevurugika, angenisema kisimani. Majirani nimewaambia nilikwenda kukuuguza, kwa hiyo ukija, kohoa kidogo.

Na utakuja hapa, si huko. Ulipokuwa unaoga nilikipima kile kitanda kwa leso yangu, urefu na upana. Nikisogeza kabati, cha kipimo hicho kinaingia chumbani kwangu sambamba na changu. Fundi Mung'aro ameanza kukichonga. Amesema analeta Alhamisi, tarehe 23, saa nne asubuhi.

Shangazi yako,
Mejumaa