Rangi Mpya ya Boti ya Chuma

Kariakoo, Dar es Salaam
Jumapili, tarehe 14 Septemba

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Naanza kwa kukuahidi kwamba leo nitakuambia yote, hata yale ninayoyaonea aibu. Kwenye simu siwezi. Ukipiga, Mama mdogo huweka sauti kubwa ili nyumba nzima ya Baba mdogo ikusalimie, na huko kwetu najua majirani wamekuzunguka. Kwa hiyo wiki iliyopita niliposema "sote wazima, hatujambo," ulipata nusu ya habari.

Mgongo wako unaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyompa Baba alipokuja huko kwenye arobaini ya Babu, imekusaidia? Mimi mwili wangu ni mzima. Darasani nimepanda, na mwalimu wa Kiingereza amenipa uongozi wa midahalo. Hiyo ndiyo habari nzuri niliyo nayo. Zilizobaki ni chungu.

Kazi ya Baba unaijua, lakini boti yenyewe hujawahi kuiona. Ni ya chuma kitupu, tumbo pana kama zile meli za uvuvi wa bahari kuu, ila mahali pa kuwekea samaki wamejenga nyumba. Ina vyumba viwili vya kulala, jiko, bafu, hata kabati la vitabu. Matangi yake ya dizeli yakijazwa, inafika India bila kusimama popote. Yule Mzee Mholanzi na mkewe waliishi humo miaka mingi, na kwa miaka tisa Baba ndiye aliyekuwa fundi wao. Mke alipofariki, Mzee alirudi kwao. Boti akaiacha imetia nanga upande wa Kigamboni, Baba aitunze mpaka ipate mtu wa kuinunua. Aliahidi kwamba atakayeinunua atamsihi amchukue na Baba, maana injini ile hakuna aijuaye kama yeye. Kwa hiyo, Mama, boti ile ikiuzwa vizuri Baba anabaki na kazi. Ikiuzwa vibaya, hana.

Chuma kikikaa baharini kinaota kutu, hakuna ujanja. Kazi kubwa ya Baba ilikuwa kuitafuta. Akiiona, anakwangua mpaka chuma kinang'aa, anapaka rangi tabaka tatu, kisha anaandika kwenye daftari ni mahali gani, palikuwa na ukubwa gani, na alifanya nini. Mzee ndiye aliyemfundisha kuandika hivyo. Likizo ya Juni nililitafsiri lote kwa Kiingereza, ukurasa kwa ukurasa, na Baba alikaa kando yangu akinieleza kila shimo kama mtu anayewataja watoto wake.

Udalali aliuomba Baba mdogo. Unamjua. Ameuza friji, cherehani, viwanja na mashine za kusaga, vyote akiwa kwenye benchi lake mbele ya duka la rangi hapa mtaani kwetu. Boti hakuwahi kuuza. Madalali wenzake walimtania kila asubuhi.

"Mzee wa meli, hiyo unaiuza kwa mita au kwa kilo?"

"Nyie uzeni soksi," alikuwa akiwajibu. "Mimi nauza nyumba inayokwenda India."

Mwezi uliopita wakapatikana wateja kweli, mume na mke wastaafu kutoka New Zealand, wanaotaka kuishi baharini mpaka nguvu ziwaishie. Wakaandika kwamba watakuja na mkaguzi. Wakati huo Baba alikuwa huko kwenu kwenye arobaini.

Hapo ndipo Baba mdogo alipofanya alichofanya. Sitaki umchukie. Hapa Kariakoo bidhaa haimfikii mteja bila kufutwa vumbi na kung'arishwa, na anayeacha doa lionekane anaitwa mvivu. Alichukua vijana wawili wa mtaa wa Gerezani, wale wanaonyoosha magari yaliyogongwa. Wakajaza kila kibonde kwa filla wanayozibia magari, wakapaka rangi mpya nyeupe boti nzima, nje na ndani, mpaka kwenye chumba cha injini. Iling'aa kama sahani. Mimi mwenyewe niliisifu.

Baba alirudi Ijumaa ya tarehe 5 jioni, wageni walikuwa wanakuja kesho yake. Alipoingia chumba cha injini alipapasa ukuta kwa kiganja.

"Umeifunika," akasema.

"Nimeipendezesha, kaka. Wewe unataka mteja aone makovu?"

"Makovu ndiyo yanayomwambia kwamba ilitibiwa."

"Hizo ni falsafa za baharini. Biashara niachie mimi."

Baba akanigeukia. Alinipa daftari, akasema, "Somoe, kesho wape hili kabla hawajagusa kitu chochote. Wakilisoma wataelewa hata hiyo rangi." Nikalitia kwenye begi la shule.

Asubuhi, tukisubiri pantoni ya kuvukia Kigamboni, Baba mdogo aliniuliza nina nini begini. Nikamwambia. Akacheka kwa upole, kisha akaacha kucheka. "Mwanangu, nani aliyewahi kumkabidhi mteja orodha ya ubovu wa mali yake? Libaki humo humo. Wewe leo ni mdomo wangu. Nikisema, unasema." Mama, nakula kwake, nalala kwake, na ulinifundisha kwamba mtoto hamkatizi mkubwa mbele ya wageni. Nikaitikia, "Sawa, Baba mdogo."

Wageni walikuwa watu wema. Mama yule alinishika mkono, akaniuliza nasoma kidato cha ngapi. Baba alishuka chini kuwasha injini, na mkaguzi akaanza kugonga chuma kwa nyundo ndogo. Alipogonga penye filla sauti ilikuwa nzito, kama mtu anayegonga ubao. Akatoa kisu, akakwangua, ukatoka unga wa kijivu. Mzungu mwanamume akanigeukia, akaniuliza kama kuna kumbukumbu yoyote ya matengenezo ya chuma.

"Anasemaje?" Baba mdogo akauliza.

"Anauliza kama kuna kumbukumbu za chuma."

"Mwambie za nini, wakati kila kitu ni kipya?"

Begi lilikuwa begani kwangu. Nikamwambia, kwa Kiingereza safi nilichofundishwa, kwamba kumbukumbu hakuna, kila kitu ni kipya.

Mkaguzi akafunga kisu chake. Hakukagua tena.

Baba alipopanda juu, mikono ina mafuta, yule mwanamume alimtazama akasema kwamba aliambiwa atakutana na fundi, lakini aliyekutana naye ni mtu anayeficha kutu. Baba akanitazama mimi, anangoja. Nikamwambia, "Anasema asante kwa kuitunza." Mama, Baba alitabasamu. Alijifuta mkono kwenye suruali, akampa mkono, na yule mzungu akaupokea huku hamwelewi kabisa.

Jumatano ukaja ujumbe wa Mzee kwenye simu ya Baba; Mzee Kiswahili anakisema tu, huandika kwa Kiingereza, nami ndiye ninayemsomea. Mzee aliandika kwamba wageni wamemweleza, kwamba kwa miaka tisa hakudhani Baba angeweza kumfanyia hivyo, na kwamba amechoka kulipia boti isiyouzika. Mwisho wa mwezi atawapa wanunuzi wa chuma chakavu waikatekate. Kwa hiyo utani wa kuiuza kwa kilo umekuwa kweli. Baba nilimsomea hiyo sehemu ya mwisho tu; yeye bado anaamini kwamba daftari niliwapa.

"Sababu?" akauliza.

"Hajasema."

Tangu siku hiyo anavuka kila asubuhi kwenda kukwangua ile filla peke yake, boti ambayo anajua itakatwa. Nilimwambia apumzike. Akanijibu, "Kama wamenishukuru, kuna kitu kizuri walikiona. Nataka nijue nilikosea wapi baada ya hapo." Anarudi na unga wa kijivu kwenye nyusi. Baba mdogo naye, juzi nilimsikia akiwaambia wenzake benchini kwamba wazungu wa siku hizi hawana hela, wanazurura tu. Wote wakacheka, naye akacheka kuwazidi. Usiku ule hakula.

Juzi Ijumaa, baada ya masomo, sikuja moja kwa moja nyumbani. Nilipita steshenari nikapiga skani daftari lote, la Kiswahili na tafsiri yangu. Kadi aliyonipa yule mama wa New Zealand siku ile nilikuwa nayo. Nikamtumia barua pepe. Nilimwandikia kwamba daftari lilikuwepo begini kwangu siku ile, kwamba aliyesema halipo ni mimi, na kwamba rangi ilipakwa Baba akiwa msibani. Jina la Baba mdogo sikulitaja. Niliandika "sisi."

Jana nilirudi steshenari nikakuta jibu. Bado wapo mjini, walikuwa wakingoja kuona boti nyingine. Wamesoma kurasa zote. Wamempelekea Mzee pia, naye amekubali kutowapa watu wa chakavu jibu lolote kwanza. Alhamisi saa tatu asubuhi wanataka waje botini, wachague sehemu tano, Baba aeleze kila moja kwa mdomo wake, kisha wakwangue waone kama daftari linasema kweli. Hawakuahidi kununua. Wanataka nitafsiri mimi, kwa sababu mkono ulioandika ile tafsiri wanauamini. Mwisho yule mama ameandika: safari hii, kila neno.

Baba hajui lolote kati ya haya. Ni lazima nimwambie kabla ya Alhamisi, na nikimwambia, atajua pia kwamba ndugu yake ndiye aliyenizuia nisilitoe daftari, na sisi sote tunalala nyumba moja. Nikitoka kwa Baba mdogo, sina pengine pa kukaa ili niendelee na shule yangu. Nimelifikiria hilo, na bado nitamwambia.

Nisalimie Bibi, na umwambie kitenge chake nimekipata. Msalimie Mjomba fundi baiskeli, Shangazi anayetufugia mbuzi, na mdogo wangu Hamisi, ambaye namdai barua. Yule jirani aliyenishonea sare mwambie bado inanitosha. Barua hii nampa kondakta wa basi la Lindi kesho alfajiri. Naomba umpe jibu Jumanne anapogeuza, hata kama ni mistari miwili tu.

Wewe umeishi na Baba miaka mingi kuliko mimi, Mama. Akishajua kwamba niliweka maneno ya uongo kinywani mwa wageni na yeye akayashukuru, Alhamisi atakubali kusema kupitia kwangu?

Mwanao,
Somoe